Ukitoka Handakini, Upande wa Kulia

Kwa miaka thelathini na mmoja Felismina alikuwa mke wa dereva wa treni, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupanda treni ya mumewe hata siku moja. Kila Januari Abílio alimletea pasi yake ya bure, ile wanayopewa wake wa watu wa reli, yenye picha yake aliyopigwa amekunja uso. Kila Januari aliipokea, akashukuru, akaitia ndani ya kopo la vifungo. Mwaka ulimalizikia humo humo koponi, pamoja na vifungo vya makoti ya watu waliokwisha kufa.

"Kifua changu hakiwezi mahandaki," ndivyo alivyokuwa akisema. Na halikuwa jambo la uongo. Alipokuwa na miaka tisa alizirai ndani ya handaki, mamake akammwagia mvinyo usoni kwa kukosa maji, na harufu ya makaa na mvinyo ikamganda kichwani tangu hapo.

Nyumba yao ilikuwa ukingo wa kusini wa mto Douro, peke yake juu ya maji, na nyuma yake matuta ya mizabibu yalipanda mlima kama ngazi zisizokwisha. Reli ilipita ng'ambo ya pili, na kituo cha Foz do Sardão kilikuwa huko. Alfajiri Abílio alivuka kwa mashua yake, jioni akarudi nayo. Felismina, akitaka kwenda sokoni, alipanda basi la barabara ya juu, upande wake mwenyewe wa mto. Lilimtikisa saa nzima na mara nyingine lilimtapisha, lakini halikuwa na handaki.

Maneno ya Abílio ungeweza kuyahesabu vidoleni. Lipo jambo moja tu ambalo hakuchoka kulisema.

"Ukitoka handakini, upande wa kulia," alisema mezani, akimenya kiazi chake taratibu, "nyumba inakuja."

"Nyumba haiji popote. Nyumba imekaa."

"Inakuja, mke wangu. Kwanza maji, halafu ile misonobari miwili, halafu inakuja yenyewe. Sekunde kumi na nane. Abiria wote wanahamia dirishani, mpaka nahofia behewa litalala ubavu."

"Mimi naiona kila siku. Nimesimama ndani yake."

"Ndiyo maana huioni. Panda mara moja tu."

"Kula, viazi vinapoa."

Hayo yalikuwa mazungumzo ya mume na mke, ya kila wiki, yasiyomdhuru mtu. Lakini mwaka ule wa mapinduzi, wakati askari kule Lisbon walipochomeka maua kwenye mitutu ya bunduki, na huku bondeni watu wakangoja waone kitabadilika nini, jambo la treni liligeuka likawa jambo jingine.

Felismina alikuwa na kaka, Hermenegildo, aliyegombana na Abílio kwa sababu ya nyumbu. Nyumbu mwenyewe alikwisha kufa, ugomvi ukabaki. Abílio alisema hataki kumwona shemeji yake uani kwake, na Felismina akaitikia, kisha kila Alhamisi adhuhuri, mumewe akiwa kazini, akampikia kaka yake supu na kumkalisha kwenye jiwe la kufulia ale. Hali hiyo iliendelea kwa miaka miwili. Hakuna aliyejua.

Alhamisi moja jioni Abílio alikuwa ananawa mikono. Akasema, bila kugeuka:

"Hermenegildo kanunua kofia. Ya kijani. Inampendeza."

Kijiko kilimdondoka Felismina kikazama kwenye chungu.

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona."

"Wapi?"

"Hapo uani. Amekaa kwenye jiwe la kufulia, anakula. Nilipita na treni ya saa saba na robo."

"Kwenye treni! Kwa mwendo ule, ng'ambo ya mto, ukaona kofia!"

"Na unyoya wake."

Abílio hakuwa na hasira. Kusema kweli alicheka, na kabla ya Krismasi yeye na Hermenegildo walikuwa wanakunywa pamoja na kumlilia yule nyumbu. Lakini Felismina hakucheka. Alijiona kama amevuliwa nguo mbele ya watu. Hadithi ya treni hakuiamini hata chembe, aliona mumewe anamfichia mtu. Na macho yaliyokuwa juu ya ua wake yalikuwa ya mtu mmoja tu: Adozinda.

Adozinda alikaa nyumba ya juu, matuta sita kutoka kwa Felismina. Alimpita kwa miaka mitatu, na tangu usichana wao Felismina alimwita dada. Adozinda ndiye aliyemshika Odília, binti wa pekee wa Felismina, siku ya ubatizo. Walikopeshana chumvi, walifuliana nguo za uzazi. Siku ya pili yake, Adozinda aliposhuka na kikapu cha mchicha kama kawaida, alimkuta Felismina mlangoni na beseni la maji ya vyombo mkononi.

"Ulimi wako umeupeleka kwa mume wangu?"

"Ulimi gani? Unaumwa?"

"Ulinichungulia. Ukaenda kusema."

"Felismina, mwenzangu, nisikilize. Hujui kwamba kule kwenye treni mtu anaona..."

Hakumaliza. Maji ya vyombo yalimlowesha kuanzia magotini kwenda chini, na jani la kabichi likamnata kwenye kiatu. Adozinda aliliangalia lile jani, akaokota kikapu chake, akapanda matuta sita bila kugeuka nyuma.

Tangu siku hiyo kifua kikawa kisingizio. Felismina alijua, japo hakumwambia mtu, kwamba akipanda treni ikatokea Abílio alisema kweli, itabidi apande vilevile hadi nyumba ya juu na kusema neno ambalo halikuwa rahisi kutoka. Basi hakupanda. Alipofua, alisimama mgongo kwa mto na uso kwa mlima, ili alione paa la Adozinda na Adozinda ajue anaonwa. Odília alipoolewa, mama yake wa ubatizo aliketi benchi la nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, akaondoka kabla ya keki. Abílio alistaafu, akaugua kifua, akafa majira ya baridi, na Adozinda alisimama makaburini mbali kidogo, chini ya mvua, bila mwavuli. Felismina alimwona. Alitaka kumwita. Hakumwita.

Miaka ishirini na sita ilipita hivyo.

Mwaka wa pili wa ujane wake, mwanzoni mwa Septemba, Odília alipasuliwa kutolewa mawe ya nyongo huko Porto, na mumewe, Valdemar, akaja na gari kumchukua mama mkwe akamwuguze. Felismina alikabidhi kuku wake kwa binamu yake, Zulmira, akafunga mlango, akaenda. Wiki tatu alipika supu, akapanga kabati zisizokuwa zake, akalalamikia mkate wa mjini. Halafu zabibu zikaanza kuiva bondeni, na gari la Valdemar likaharibika siku tatu kabla ya kumrudisha.

"Utapanda treni, mama," alisema Odília kitandani.

"Nitangoja gari."

"Zabibu zitakungoja?"

Valdemar alimpeleka kituo cha Campanhã, akampandishia kikapu, akamwambia mara tatu asishuke kituo ambacho si chake.

"Nina miaka sabini na mmoja, Valdemar. Kituo changu nakijua."

"Hujawahi kukifikia kwa treni, mama."

Handaki la kwanza lilimkuta akisali. Handaki la pili lilipokwisha, akajikagua, akaona bado yu hai. Kufikia la tatu alikuwa amechoka kusali, akafungua kikapu akala mkate na zeituni gizani, na kwa mshangao wake vilikuwa na utamu ule ule. Alikuwa amechagua kiti cha kushoto, upande wa mlima. Mto ulipojitokeza na abiria wakaanza kuoneshana, yeye aliendelea kutazama miamba inayopita nusu mita kutoka puani mwake.

Baada ya kituo cha Pinhão mkaguzi wa tiketi alikuja, mwanamume mnene mwenye masharubu ya kijivu. Aliitazama tiketi, akamtazama mwenyewe.

"Dona Felismina? Mjane wa marehemu Abílio?"

"Na wewe ni nani?"

"Leonel. Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja. Nilibeba jeneza, upande wa miguu."

Felismina akamkumbuka. "Umenenepa."

"Ndoa, Dona Felismina." Kisha akatazama dirisha na kuguna. "Na huku umekaa unafanya nini? Huku unaangalia mawe."

"Mawe hayajanikosea."

"La, hapana. Abílio atanitokea ndotoni. Inuka, twende." Na kabla hajajibiwa, kikapu kilikwisha kuhama. Upande wa kulia walikuwa wameketi mume na mke wa makamo kutoka Lisbon, wamevaa viatu vya kutembelea milimani, na kamera imelala juu ya meza. Walisogea wakampa nafasi ya dirishani, na yule mke akamkaribisha biskuti.

"Kuna handaki moja bado," Leonel alisema, ameegemea kiti. "Refu. Usifumbe macho."

Behewa likaingia gizani. Felismina alishika ukingo wa meza. Alisikia magurudumu, akasikia pumzi yake, akajiona kwenye kioo: bibi mwenye kilemba cheusi anayejitazama kana kwamba anadaiwa jibu. Halafu kioo kikapasuka kwa mwanga.

Kwanza yakaja maji. Tangu lijengwe bwawa la umeme chini kidogo, mto ulikuwa umelala, na asubuhi hadi jioni uliibeba mbingu nzima mgongoni bila kuitikisa. Kisha ikaja misonobari miwili, iliyosimama na iliyopinduka majini. Kisha, polepole, kana kwamba mtu anaisukuma kwa mkono kutoka nyuma ya mlima, ikaja nyumba.

Hakuijua. Kwa muda mfupi sana hakuijua kabisa. Aliona nyumba ndogo nyeupe iliyokaa juu ya maji, mizabibu imeanza kushika wekundu nyuma yake, moshi mwembamba juu ya mlima, na akamwonea wivu kidogo mwenye nyumba ile, mtu aliyejaliwa kukaa mahali pazuri namna hiyo. Ndipo alipoona kipande cha bati kwenye paa la banda la kuku, bati la bluu lililopigiliwa vibaya. Alilipigilia mwenyewe.

"Oh," alisema.

Ua wote ulikuwa wazi, kama umewekwa kwenye sinia. Jiwe la kufulia. Kamba ya nguo. Ndoo iliyopinduliwa. Ungeweza kuhesabu kuku. Na katikati ya kuku alisimama mwanamke mwenye aproni ya mirabaraba, anatupa mahindi kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto huo katika bonde zima ulikuwa wa mtu mmoja. Jogoo alimjia, akampa teke. Kisha mwanamke akainua uso, akaiona treni, akaipungia mkono.

"Mtazame yule bibi na kuku wake!" alisema yule mke wa Lisbon. "Watu wa huku wanaishi kwa amani, jamani."

"Kuku si wake," alisema Felismina. "Ni wangu."

Mume na mke walitazamana. Nyumba ilikuwa inapita. Ukaja ukingo wa mawe, na mto ukapinda ukaichukua.

"Adozinda anafanya nini kwangu?" Felismina alimgeukia Leonel, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku ya beseni.

"Yupo hapo tangu Jumatatu, asubuhi na mchana. Zulmira kateguka mguu. Hukuambiwa?"

"Wewe umejuaje?"

"Dona Felismina," Leonel alisema kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa, "sisi tunawaona. Nyote. Miaka yote. Nani kafua, nani ana mgeni, nani hajatoka nje siku mbili. Hatuna kingine cha kutazama."

Mikono ya Felismina ilikuwa bado mezani.

"Hata wewe," Leonel aliendelea, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na hakujua anapokanyaga. "Nilipokuwa mgeni kazini, Abílio aliniita dirishani. Akasema, ule mgongo pale ni wa mke wangu. Akapiga honi ndefu. Hukugeuka. Kesho yake tena. Hukugeuka hata siku moja! Tulikuwa tunamtania. Tulimwambia, yule si mkeo, ni kinyago umekisimika kutishia ndege."

"Naye akasemaje?"

"Alicheka. Alisema, siku moja atageuka, mtaona."

Yule mke wa Lisbon akamsogezea biskuti nyingine, kimya kimya. Felismina aliipokea akaishika. Zile honi alikuwa amezisikia, kila siku ya Mungu, saa saba na robo. Alidhani ni kwa ajili ya kituo. Alikuwa anasugua shuka na kulitazama paa la Adozinda, amekaza shingo, huku nyuma yake mtu anapita akimwita, anapita, anapita, miaka kumi na sita ya mwisho ya kazi yake. Alijaribu kukumbuka siku moja tu ambayo huenda aligeuka kwa bahati, kufukuza nyuki, kuokota kibano. Hakuikumbuka.

Treni ilipopunguza mwendo Leonel alimshusha kikapu chake. Alitaka kumwuliza kama ameudhika, akaona afadhali anyamaze.

Mwenye mashua alimvusha. Alimpa habari zote za wiki tatu, nani kafa na nani kauza nyumbu, na Felismina hakusikia hata moja. Uani Adozinda alikuwa anasuuza ndoo. Felismina alitarajiwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo Adozinda alishtuka kama mwizi, akanyoosha mgongo, akatafuta njia ya kupita bila kupitana naye.

"Nimekuona," Felismina alisema, kabla ya salamu.

"Umeniona wapi?"

"Kwenye treni."

Kuku mmoja aliona heri aondoke. Adozinda aliweka ndoo chini, akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole.

"Kwenye treni," alisema. "Kwa mwendo ule. Ng'ambo ya mto."

"Umempiga jogoo teke."

"Jogoo wako hana adabu."

"Najua hana."

Walisimama. Kwa karibu, Adozinda alikuwa amezeeka kuliko alivyoonekana kutoka juu ya matuta. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Felismina hakuwa amelijua hilo.

"Nimekukosea," alisema.

"Sema tena. Sikio hili halisikii vizuri."

"Nimekukosea, dada Adozinda."

"Hili lingine nalo linanisumbua."

"Nimekukosea!" Felismina alipiga kelele, na mlima wa ng'ambo ukairudisha, na mtu wa kituo akatoka nje na kikombe chake cha kahawa kuangalia nani kakosewa.

Adozinda hakucheka, ingawa kidevu kilimtetemeka. "Bonde zima linajua kwamba ua wako unaonekana," alisema. "Padri anajua. Ukifua Jumapili, padri anajua. Ungepanda mara moja tu, mwanamke wewe. Mara moja."

"Ndiyo maana sikupanda."

Adozinda alilipima jibu hilo kwa muda mrefu, kama anayepima kitambaa.

"Kila Pasaka Abílio aliniletea lozi," akasema hatimaye. "Hukujua, eh? Alipita na kifuko, akasimama pale mlangoni na kofia mkononi. Alisema, mvumilie, atapanda tu. Ya mwisho aliileta akikohoa, akapumzika kila tuta."

Felismina aliketi kwenye jiwe la kufulia. Machozi yalimtoka, si mengi, ya mtu asiyezoea, na aliyafuta kwa ncha ya kilemba. Adozinda alisimama kando bila kumgusa.

"Sasa nisikilize," alisema alipoona yamepungua. "Wewe umeninunia miaka ishirini na sita. Mimi sikupata nafasi ya kukununia, maana huwezi kumnunia mtu ambaye amekwisha kukununia. Sasa zamu yangu. Nitakununia mpaka Jumapili."

"Sawa."

"Usinisemeshe."

"Sawa."

Alichukua njia ya matuta. Alipofika tuta la pili akageuka. "Yule kuku mweupe anatagia kwenye kuni. Mayai nimeyaweka jikoni, kwenye bakuli la njano." Kisha akarudisha uso wake wa kununa, akaendelea kupanda.

Alitimiza ahadi. Ijumaa alipita njiani na pua juu. Jumamosi alimtuma Zulmira, anayechechemea, akaombe ngazi "kwa yule mtu nisiyesema naye." Felismina alitoa ngazi bila neno. Jumapili, watu walipokuwa wanatoka kanisani, alihisi mkono unapenya chini ya kwapa lake na uzito wa mtu ukimwegemea.

"Miguu inaniuma tangu Alhamisi," alisema Adozinda. "Kununa kunachosha. Sijui wewe uliwezaje."

Zabibu zilivunwa wiki ile. Wanawake wote wa upande ule waliingia kwenye matuta na makasi yao, na wale wawili walichukua mstari mmoja, mmoja huku, mmoja kule, wakakata na kusema, wakakata na kusema, mpaka vijana wa kubeba makapu wakawaomba wapunguze maneno waongeze zabibu. Kulikuwa na miaka ishirini na sita ya vifo, harusi, magonjwa na mapishi ya kupelekana. Mengine walikuwa wameyajua wote wawili na kila mmoja ameyachekea peke yake, basi waliyachekea upya. Odília alipopiga simu adhuhuri alisikia kishindo cha kicheko.

"Mama, nani huyo jikoni?"

"Mama yako wa ubatizo. Kaunguza vitunguu."

Upande wa pili Felismina akamsikia binti yake analia, na Valdemar akiuliza kuna nini, kuna nini, nani kafa.

Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, walikwenda pamoja Régua kununua samaki mkavu wa chumvi. Felismina alipanda treni mbele, kama mwenyeji, akamwambia Adozinda aketi wapi. Walizunguka mjini, wakabishana na muuza samaki kuhusu unene wa mkia, wakala supu ya moto wamesimama. Wakati wa kurudi ukungu ulikuwa umeshuka. Douro wakati wa baridi ndivyo ulivyo, unaweza kukaa siku tano ukisikia mto bila kuuona. Nje ya dirisha hapakuwa na mlima wala maji, bali kitu cheupe kinachotiririka.

"Leo hamna kitu, akina mama," Leonel alisema alipokata tiketi.

"Tumeona," alijibu Adozinda. Alifungua kifurushi, akatoa mkate, akaanza kukata nyama kavu ya nguruwe kwa kisu chake cha kupogolea. Treni ikaingia kwenye handaki refu. Felismina alisogea karibu na kioo, akakifuta kwa kiganja, na walipotoka upande wa pili alibaki hivyo hivyo, amekaza macho.

"Unatazama nini? Hakuna kitu huko."

"Natazama."

"Haya, tazama. Mimi nakula."

Ukungu ulipita na kupita. Mahali fulani ndani yake dereva, kijana ambaye hawakumjua jina, alipiga honi, ndefu, na sauti ikaenda juu ya maji ikapotea. Felismina alitazama mpaka alipohisi treni inapinda. Ndipo akaegemea kiti, akapokea mkate wake, akauliza kama nyama ni ya mwaka huu au ya mwaka jana, kwa sababu ilikuwa ngumu.

"Ya mwaka jana. Ya mwaka huu naiweka kwa wageni."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe una meno mabovu, utaiharibu."

Walishuka Foz do Sardão na kikapu chao cha samaki katikati, kila mmoja kashika mpini wake. Mwenye mashua hakuonekana. Waliita, na sauti yake ikajibu kutoka ndani ya ule weupe, ikiuliza ni nani anayetaka kuvuka katika hali kama hii, watu wenye akili wako motoni.

"Ni sisi!" Adozinda alipiga kelele. "Njoo kabla samaki hawajaanza kuogelea!"

Wakasikia kasia linagonga maji, likikaribia.